Kumrusha Mtoto Kitabu cha Sarufi: Namna ya Kuamua Unapomsomesha Nyumbani

Swali hili huja mwezi wa sita au wa saba, wakati wa kununua vitabu vya mwaka mpya. Mtoto amemaliza kitabu cha tatu cha sarufi ya Kiingereza bila kutoka jasho. Mzazi anafungua cha nne, anakuta nomino. Nomino tena! Baada ya nomino, kitenzi. Baada ya kitenzi, herufi kubwa na nukta. Anajiuliza kama kweli pesa na mwaka mzima viende huko, au mtoto apelekwe moja kwa moja kitabu cha tano.

Sisi tuliosoma Afrika Mashariki tunakumbuka kurushwa darasa: mzazi anaitwa na mwalimu mkuu, mtoto wa la pili anahamia la nne, mtaa mzima unapata habari. Kurushwa kitabu nyumbani ni jambo dogo kuliko hilo. Hakuna wenzake wanaobaki nyuma, na anaweza kurushwa sarufi huku hesabu ikibaki palepale. Ukiona umekosea, Jumatatu unarudi. Kwa hiyo punguza presha, lakini usiamue kwa kukisia.

Nawaandikia zaidi wazazi wenzangu walioko Marekani, kwa sababu vitabu vingi vya sarufi vya ngazi kwa ngazi hutoka huko na kusomesha watoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50. Aliye Nairobi au Arusha aliyeagiza vitabu hivyohivyo atatumia hatua zote isipokuwa ile ya sheria. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: ruka marudio, usiruke mada mpya. Na kwa watoto wengi jibu haliwi kuruka wala kubaki, bali kukibana kitabu cha mwaka kiishe kwa miezi miwili.

Hatua ya 1: Andika sababu yako katika sentensi moja

Chukua karatasi, andika: "Nataka aruke kwa sababu..." Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo, bado hujawa na sababu, una hamu tu.

Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba mtoto anachoka na somo. Kabla ya kuikubali, tafuta kinachomchosha. Kwa muda wa wiki moja fanya somo lote kwa mdomo: wewe unasoma sentensi, yeye anajibu, hakuna kalamu. Uso wake ukichangamka, kilichokuwa kinamchosha ni kunakili sentensi ishirini kwa mkono, na kitabu cha juu kitamwandikisha zaidi. Akiendelea kupiga miayo hata kwa mdomo, huku majibu yakiwa sahihi, basi kweli ameshiba.

Ya pili ni umri. Familia zilizohamia mtoto akiwa mkubwa hukutana nayo sana: kijana ana miaka 12, kitabu kimeandikwa "4", naye anaona aibu hata kukiacha mezani wageni wakija. Namba ya jaladani haimfungi mtu. Kila mchapishaji ana kipimo chake, na kitabu cha nne cha mmoja kinaweza kuwa kigumu kuliko cha sita cha mwingine. Kama tatizo ni namba, lifunike jalada kwa karatasi ya kaki, kama tulivyofunika madaftari yetu, mwendelee na kazi.

Ya tatu: mama mwenye watoto wawili waliokaribiana anataka wasome pamoja. Hiyo ni sababu halali kabisa, maana muda wa mama nao ni sehemu ya mtaala. Ila hapo anayerushwa ni mdogo, kwa hiyo vipimo vyote vinavyofuata apewe yeye.

Binamu wa mtoto huko Minnesota kufika kitabu cha sita hakuhesabiki kuwa sababu.

Hatua ya 2: Weka yaliyomo ya vitabu vitatu kando kwa kando

Hii ndiyo kazi yenyewe. Wengi huiruka wakaenda moja kwa moja kumpima mtoto. Unahitaji kurasa za yaliyomo za kitabu alichomaliza, kitabu unachotaka kukiruka, na kitabu unachotaka kumpeleka. Wachapishaji wengi huweka kurasa hizo kwenye tovuti zao bure, pamoja na somo moja au mawili ya mfano. Usinunue kitu kwanza.

Pitia yaliyomo ya kitabu cha katikati kwa penseli. Kila mada iwekee alama moja kati ya tatu. M ni marudio: mada iko kwenye kitabu alichomaliza kwa kiwango kilekile. K ni kukuzwa: mada ameiona, ila sasa inaongezewa kitu. P ni mpya. Usiridhike na kichwa cha somo, fungua somo la mfano. "Vitenzi" kwenye kitabu cha tatu huwa ni maneno ya kutenda, kama kukimbia na kupika. "Vitenzi" kwenye cha nne huenda ni vitenzi visaidizi na vishirikishi, yaani sababu ya "The soup smells good" kuwa sahihi na "smells well" kuwa kosa, ilhali katika "The dog smells the soup" neno hilohilo limegeuka kitenzi cha kutenda. Kichwa kimoja, kazi mbili tofauti.

Kisha nenda kwenye kitabu cha juu, utazame sura zake mbili za kwanza. Kila P ya kitabu cha katikati, itafute huko. Ikiwa inafundishwa upya kuanzia mwanzo, kuikosa hakutamuumiza. Ikiwa kitabu kinasema tu "kumbuka kwamba..." na kuendelea, hiyo ni P ya lazima; izungushie duara.

Hapo ndipo utakapoona vitabu viko vya namna mbili. Kuna mitaala ya mzunguko, inayorudia aina zote za maneno kila mwaka na kuongeza kidogo juu yake. Hii inarukika kwa urahisi, hasa kati ya darasa la pili na la tano. Halafu kuna mitaala ya mada kwa mada, inayofundisha kitu mara moja, ikakizamisha, isirudi tena. Katika hii, kuruka kitabu ni kuruka mada yenyewe, na sishauri mtu afanye hivyo bila mpango wa kuziba pengo.

Kwa vitabu vingi vya Kimarekani nilivyowahi kuvifungua, mpangilio haupishani sana. Miaka ya kwanza ni sentensi, nomino, kitenzi, herufi kubwa, nukta. Darasa la tatu huleta vivumishi na vielezi. La nne huleta virai vya vihusishi (kama "behind the church"), viunganishi na vile vitenzi vishirikishi. La tano, shamirisho kipozi (kitu kinachotendwa, kama skafu katika "alimpa bibi skafu") na shamirisho kitondo (anayetendewa, yaani bibi), pamoja na nyakati za vitenzi. La sita, vishazi (vipande vya sentensi vyenye kiima na kitenzi chake) na sentensi changamano. La saba na la nane, maumbo ya vitenzi yanayofanya kazi ya nomino au kivumishi. Ukiutazama mpangilio huo utaona kwamba kuruka la pili au la tatu ni jambo dogo, la nne linataka uangalifu, na la sita si la kuruka hata mtoto awe hodari vipi, kwa sababu huko ndiko anakojifunza kuunganisha mawazo mawili bila kuyabandika kwa mkato.

Kitu kingine cha kukagua ni michoro. Vitabu vingi hutumia ile michoro ya mistari iliyoenezwa na walimu wa Kimarekani Alonzo Reed na Brainerd Kellogg katika kitabu chao cha 1877: mstari wa kulala, kiima kushoto, kitenzi kulia, kati yao mstari wa kusimama unaokata hadi chini, shamirisho kipozi hufuata baada ya mstari mfupi usiovuka, vivumishi vinaning'inia kwa mshazari. Mzazi aliyechanganua sentensi kwa matawi au kwa jedwali akiwa sekondari ataushika mchoro huu kwa jioni moja. Mtoto atahitaji siku kadhaa, na kama kitabu kilichorukwa ndicho kilichofundisha mstari wa shamirisho kitondo, mfundishe huo kabla hajafungua kitabu kipya.

Hatua ya 3: Mpime, lakini usilipime sikio

Jaribio la kumpangia mtoto ngazi linalotolewa na mchapishaji ni zuri kwa kuanzia. Mpe, usahihishe, uliweke kando. Tatizo lake ni kwamba maswali mengi huwa ya kuchagua: "Sentensi ipi ni sahihi?" Mtoto aliyezaliwa Dallas au Columbus, anayesikia Kiingereza toka asubuhi, ataweka alama panapostahili kwa kuwa panasikika vizuri. Muulize kwa nini, atainua mabega. Sikio ni msaada mkubwa, ila halipandishi mtu kitabu, maana huko juu ataulizwa mambo ambayo sikio halijawahi kuyasikia.

Kwa hiyo tengeneza jaribio lako, la nusu saa, lenye kazi za aina nne.

Kutambua. Mpe sentensi, ataje kazi ya kila neno. Anza na rahisi: "The tired driver parked his truck behind the old church." Kisha mpe za mtego. "My uncle runs every morning" na "He went for a long run": neno moja, kazi mbili. "Down the road came two goats": nani kiima? Mtoto anayefuata kanuni ya "nomino ya kwanza" atasema barabara. Mwenye kuelewa atasema mbuzi. "She gave her grandmother a scarf" na "She gave a scarf to her grandmother": katika ya kwanza bibi ni shamirisho kitondo, katika ya pili yuko chini ya kihusishi. Kama kitabu cha katikati ndicho kinachofundisha tofauti hii, na mtoto tayari anaiona, umepata habari kubwa.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu wazazi wa Kiswahili tuna silaha tusiyoitumia. Mtoto anayesema "alimpa bibi yake skafu" tayari anakitia kitondo ndani ya kitenzi kila siku. Ile -m- ndiyo bibi. Anayesema "barabarani walipita mbuzi wawili" anajua aliyepita ni nani, maana wa- haiwezi kukubaliana na barabara. Anayesema "kusoma kunanifurahisha" tayari ametumia kitenzi kama jina, jambo ambalo vitabu vya Kiingereza hulingoja hadi darasa la saba. Na "mtu ambaye alikuja jana" ni kishazi tegemezi kilichovaa sare. Mtoto akikwama kwenye swali, mwambie aiseme sentensi kwa Kiswahili kisha atazame upya. Akifaulu kwa njia hiyo mhesabie amejua, maana kinachopimwa ni sarufi.

Kusahihisha. Chagua makosa ambayo hata Wamarekani wenyewe huyasema au kuyaandika, ili sikio lisimwokoe. "This is between you and I." "Each of the boys have a bicycle." "It was late, we went home." "The dog hurt it's leg." La tatu na la nne ni mazuri kuliko yote, kwa kuwa kosa halisikiki kabisa linaposemwa, liko kwenye alama tu.

Kujenga. Mwambie atunge mwenyewe: sentensi yenye kirai cha kihusishi, sentensi yenye shamirisho mbili, sentensi inayoanza na "after". Katika hiyo ya mwisho tazama kama anaijua tofauti ya "After the rain, we played outside" na "After the rain stopped, we played outside". Ya kwanza ina kirai, ya pili ina kishazi chenye kiima na kitenzi chake. Mtoto anayeeleza hilo kwa maneno yake yuko tayari kwa kitabu cha vishazi.

Kuunganisha. Mpe sentensi tatu fupi: "The dog was old. The dog belonged to our neighbor. It still chased cars." Azifanye moja. Anayekuletea "The dog was old and the dog belonged to our neighbor and it still chased cars" hajafika bado. Anayekuletea "The old dog that belonged to our neighbor still chased cars" amefika, hata kama hajui jina la alichokifanya.

Jaribio la mwisho ni mtihani wa mwisho wa mwaka wa kitabu unachotaka kukiruka. Ukiupata, mpe baada ya mapumziko, wiki tatu nne bila sarufi. Kinachobaki kichwani baada ya likizo ndicho anachokijua. Akiupata karibu wote, kitabu hicho hakina kazi kwake.

Hatua ya 4: Fungua daftari lake la insha

Sarufi haisomwi ili ijulikane tu. Ripoti ya watafiti wa elimu Steve Graham na Dolores Perin ya mwaka 2007, iliyokusanya tafiti za uandishi wa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili, ilikuta kwamba kufundisha sarufi peke yake, kwa mazoezi ya kutaja sehemu za sentensi, hakukuboresha maandishi yao. Matokeo yalikuwa hasi. Kufundisha kuunganisha sentensi, kinyume chake, kulisaidia. Hiyo haina maana utupe kitabu cha sarufi. Ina maana alama za zoezi si ushahidi wa kutosha. Ushahidi mwingine uko kwenye maandishi ambayo hakujua yatapimwa.

Chukua vipande vitatu alivyoandika miezi ya karibuni: barua kwa shangazi, muhtasari wa historia, hadithi yoyote. Visome kwa penseli, ukihesabu aina za makosa, maana wingi wa makosa peke yake hausemi mengi. Kosa lililotokea mara moja ni haraka. Kosa linalorudi katika vipande vyote vitatu ni pengo.

Watoto wanaokua na Kiswahili nyumbani wana mapengo yao ya kawaida, na ni vyema kuyajua ili usiyachukulie kama kushindwa kitabu kizima. "A" na "the" huachwa au huwekwa ovyo, kwa sababu Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. "He" na "she" hubadilishana nafasi, maana yeye ni yeye. "My brother work at night" hukosa -s yake. "In", "at" na "on" huchanganywa, kwa kuwa sisi -ni moja hutufikisha nyumbani, mezani na shuleni. Makosa haya hayatibiwi na kitabu cha nne wala cha tano, maana vitabu hivyo vimeandikiwa watoto ambao hayawasumbui. Yatibu kivyako, dakika kumi kwa siku, na usimzuie mtoto kupanda ngazi kwa ajili yake.

Mapengo yanayostahili kumzuia ni mengine: sentensi zisizokamilika anazoziona kamili, sentensi mbili zilizobandikwa kwa mkato, wakati wa kitenzi unaorukaruka ndani ya aya moja, viwakilishi ambavyo msomaji hajui vinamrudia nani. Hayo ndiyo kitabu cha katikati huwa kimekuja kuyafundisha.

Hatua ya 5: Amua

Sasa una karatasi yenye M, K na P, jaribio lililosahihishwa, na vipande vitatu vya insha. Viweke pamoja.

Mwache aruke kabisa kama M zimejaa, P chache zilizopo zinafundishwa upya kwenye kitabu cha juu, na insha hazina pengo linalorudi.

Mwache abaki kama P zenye duara ni nyingi, au kama alifaulu kutambua lakini akashindwa kujenga na kuunganisha. Huyu anajua majina. Mwaka mmoja zaidi hautampotezea kitu, ila punguza mazoezi ya kutaja na uongeze ya kuunganisha sentensi.

Walio wengi wataangukia katikati: nusu ya kitabu wanaijua, nusu hawaijui. Hawa ndio wa kukibana kitabu. Anza kila sura kwa mtihani wake wa mwisho badala ya somo la kwanza. Akipata tisa kati ya kumi, sura imekwisha, nenda ya pili. Akipata saba au nane, tazama alizokosa, mfundishe hizo tu, asubuhi mbili tatu, mwendelee. Chini ya hapo, isomeni sura yote kama kawaida. Mazoezi yafanywe namba za witiri pekee, na yale ya kutambua yafanywe kwa mdomo. Kitabu cha wiki 36 kwa njia hii huweza kuisha kwa wiki nane au kumi, na hakuna P iliyoachwa njiani. Faida nyingine ni kwamba mtoto mwenyewe anaona kwa nini sura fulani imerukwa na nyingine imesomwa. Watoto wana hisia kali za haki.

Kuna na njia ya nne, kwa anayeruka mtaala wa mada kwa mada: wiki za daraja. Kusanya P zenye duara, zifundishe peke yake kabla ya kitabu kipya, mada moja kwa wiki. Usiwe na zaidi ya sita. Zikizidi sita huruki, unasoma kitabu, basi kisome.

Neno moja kuhusu vitabu vya juu, vya darasa la saba na la nane. Hapo wazazi huuliza kama mtoto anaweza kuacha sarufi kabisa. Mtihani wa SAT, wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, ambao tangu 2024 hufanywa kwa kompyuta huko Marekani, una maswali 54 ya kusoma na kuandika, na kati yake 11 hadi 15 ni ya kanuni za Kiingereza sanifu: mipaka ya sentensi, upatanisho wa kiima na kitenzi, alama, maumbo ya vitenzi. Hayamwulizi mtoto jina la chochote. Kijana ambaye maandishi yake ni safi anaweza kuacha majina ya mwisho mwisho bila hasara ya mtihani. Mimi ningemmalizia kwanza vishazi na alama zake, kisha ningehamishia saa ya sarufi kwenye uandishi. Mzazi anayetaka kijana wake asome Kilatini au Kiarabu baadaye ana hoja ya kumaliza vitabu vyote, maana lugha hizo humdai mtu ajue kila neno lina kazi gani.

Hatua ya 6: Andika karatasi zako

Hapa inategemea unaishi wapi. Texas inataka masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Ona kwamba sarufi imetajwa kwa jina. Ngazi haijatajwa, wala serikali haikudai mitihani, kwa hiyo kuruka kitabu si kosa. Kuacha sarufi kabisa ndiko kunakohitaji kufikiriwa. New York unapeleka mpango wa mwaka unaoonyesha vitabu au maudhui, kisha ripoti nne, kwa hiyo ukibadili kitabu katikati ya mwaka litaje badiliko hilo kwenye ripoti inayofuata. Pennsylvania wanataka jalada la kazi za mtoto, tathmini ya kila mwaka, na mitihani sanifu darasa la tatu, la tano na la nane. Mtoto anayeingia mojawapo ya miaka hiyo ni bora apewe mwaka wa utulivu. England na Wales sheria ya elimu ya 1996, kifungu cha 7, inadai elimu inayomfaa mtoto kwa umri wake, uwezo wake na kipaji chake, na haikutaja kitabu.

Popote ulipo, hifadhi ile karatasi ya M, K na P pamoja na jaribio, ukiandika tarehe. Mtathmini akiuliza kwa nini mtoto ametoka cha tatu akaingia cha tano, unampa karatasi.

Hatua ya 7: Mwezi wa kwanza kwenye kitabu kipya

Usiuze kitabu ulichoruka. Kama hukukinunua, tafuta kilichotumika cha bei nafuu, ukiweke rafuni kama cha kurejelea hadi Krismasi.

Mwambie mtoto ukweli: haya ni majaribio, na kurudi nyuma kwa sura moja si adhabu. Usilitangaze jambo hilo kwa bibi kwenye simu, kwa sababu akishasifiwa kwa ndugu wote hatakubali kusema kwamba haelewi.

Katika wiki hizo, tarajia kasi ipungue na alama zishuke kidogo, hilo ni la kawaida. Kinachopaswa kukushtua ni mambo matatu: anauliza maana ya istilahi katika karibu kila somo, anapata majibu kwa kunakili umbo la mfano bila kuweza kutunga wake, au analia. Likitokea la kwanza, rudi kwenye kitabu kilichorukwa, mada hiyo tu, siku mbili au tatu, kisha mrejee mlipokuwa. Likitokea la pili, simama wiki moja, mfanye kuunganisha na kujenga sentensi pekee. Yakitokea yote matatu baada ya wiki nne, kifungue kitabu cha katikati mkibane kama ilivyoelezwa hatua ya 5. Kile cha juu kisubiri hadi Februari.